Anayefunga Njia na Aonyeshe Uwanja



Mwezi huu twapenda kunena juu ya jambo ambalo wengi wetu hulihesabu kuwa upuuzi wa watoto, kumbe ndani yake mna roho za watu. Ni habari ya ubao wa magurudumu, ambao vijana huuita sketibodi. Mtoto hupanda juu ya ubao wenye magurudumu manne madogo, akausukuma kwa mguu mmoja, kisha akateleza nao, akiruka na kugeuka. Mchezo huu ulizaliwa California, Marekani, katika miaka ya 1950, miongoni mwa vijana waliozoea kuteleza juu ya mawimbi, wakataka kuteleza hata siku ambazo bahari imelala. Mwaka 2021, huko Tokyo, uliingizwa kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki. Basi wanaosema kuwa ni mchezo wa wahuni hawana hoja ya kushika. Mchezo ni mchezo. Uhuni huletwa na mtu mwenyewe.

Lakini wazazi wa Kimara wana hofu, na hofu yao ni ya haki. Watoto wanachezea barabarani. Nasi twauliza: kwa nini barabarani? Aghalabu jibu tunalolipata ni kwamba watoto wa siku hizi ni wakaidi. Jibu hilo ni jepesi mno. Tazameni gurudumu lenyewe. Ni dogo na gumu, na kijiwe kimoja kikiingia chini yake, ubao husimama ghafla na mtoto hutupwa mbele. Haliwezi kupita juu ya mchanga wala kokoto. Sasa tazameni mitaa yetu. Kimara ni nchi ya vilima na mabonde, na sehemu kubwa ya nyumba zilijengwa kabla ya kupimwa viwanja. Vijia vyetu vya ndani ni udongo, mchanga na makorongo yaliyochimbwa na mvua. Mahali palipo laini ni lami ya Barabara ya Morogoro, njia za waenda kwa miguu zilizo kandokando yake, na sakafu za vituo vya mabasi. Mtoto amefuata ulaini, na ulaini umempeleka penye magari.

Na magari hayo si haba. Mabasi yaendayo haraka yalianza kazi mwaka 2016, na kituo chake cha mwisho kikawa hapa Kimara. Baadaye barabara ikapanuliwa kuwa ya njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha, mwendo wa kilomita 19.2. Ni neema kubwa kwa msafiri, wala hatuikanushi. Lakini njia hiyo hiyo hupitiwa na malori ya mizigo yaendayo Zambia na Kongo, na pembeni mwake bodaboda hazina idadi. Ubao wa magurudumu hauna breki ya kukanyaga. Mtoto ateremkaye nao kutoka kilimani ana mguu wake tu wa kujizuilia.

Basi mzazi hufanya nini? Hukataza. Hunyang'anya ubao, au huuvunja. Mlinzi wa kituo naye hufukuza, na mwenye duka humwagia maji sakafu yake. Kila mmoja ana haki yake. Ila hakuna hata mmoja kati yao amwambiaye mtoto aende wapi. Kwa hiyo mtoto huenda mahali pengine mbali na macho ya wakubwa, na huchagua saa ambayo njia ina nafasi, yaani magharibi na usiku. Hapo hatari haikuondolewa. Imehamishwa tu, ikapelekwa gizani.

Katika jambo hili tunao mwongozo mzuri. Imepokewa katika Sahihi za Bukhari na Muslim kwamba Mtume s.a.w. aliwatahadharisha masahaba wake na kukaa njiani. Wao wakaeleza kuwa hawana budi na vikao hivyo, maana ndipo wanapozungumza mambo yao. Hakuwafukuza. Aliwaambia kwamba ikiwa hawana budi, basi waipe njia haki yake, na miongoni mwa haki hizo akataja kuzuia udhia. Na katika Bukhari imepokewa kwa Ibn Umar kuwa Mtume s.a.w. alishindanisha farasi. Waliofunzwa mbio walikimbizwa kutoka Hafya mpaka Thaniyyatul-Wadaa, na wasiofunzwa walipewa mwendo mfupi zaidi, kutoka Thaniyyatul-Wadaa mpaka msikiti wa Bani Zuraiq. Angalieni namna jambo hilo lilivyopangwa. Mchezo ulipewa mahali pake, ukawekewa mwanzo na mwisho, na kila mmoja akapimiwa kwa kadiri ya uwezo wake.

Nasi hivi ndivyo tuombavyo kwa watoto wa Kimara. Uwezo wa kisheria upo. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya 1982 imezipa halmashauri za miji mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Kimara hapo zamani ilikuwa chini ya Kinondoni, na leo imo katika Manispaa ya Ubungo. Twashauri sheria ndogo isiyosema "marufuku" peke yake. Iseme kuwa barabara ya magari si mahali pa kuchezea, na papo hapo itaje mahali panaporuhusiwa, na kwa saa zipi. Iruhusu viwanja vya sakafu ngumu vya shule kufunguliwa siku za mapumziko, chini ya uangalizi wa mtu mzima. Iwataje watoto wavae kofia ngumu. Na kila ramani ya mtaa inapochorwa au kurekebishwa, kipande cha ardhi kiachwe kwa ajili ya watoto na kilindwe kisigeuzwe kuwa fremu za maduka. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilikuta katika Mkoa wa Dar es Salaam watu 5,383,728. Mahali penye watu wengi hivyo, kiwanja kisicholindwa leo, kesho kimekwisha kujengwa.

Tena jambo hili si hisani tu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unamtambulia mtoto, katika kifungu cha 31, haki ya kupumzika na kucheza.

Tunajua kuna watakaosema: "Maji hayatoshi, mitaro imeziba, madarasa yamejaa, nanyi mwataka viwanja vya kutelezea!" Neno hilo lina uzito. Lakini hatuombi uwanja wa mamilioni ya kutisha. Twaomba sakafu ya zege iliyolainishwa, yenye miinuko michache, mahali ambapo gari haliingii. Mfano upo kwa jirani zetu wa Uganda. Mwaka 2006 vijana wa Kitintale, kiunga cha Kampala, wakiongozwa na Jackson Mubiru, walijenga kwa mikono yao uwanja wa zege wa mchezo huu, wa kwanza katika nchi yao. Mtaa wao si wa matajiri. Nako Nairobi, makao ya watoto ya Shangilia yamejengewa uwanja wa namna hiyo. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa.

Na wako wazazi wahofiao khasa juu ya binti zao. Hao twawakumbusha habari za Kabul, Afghanistan, mji wa Waislamu. Mwaka 2007 ilianzishwa huko kazi ya kuwafundisha watoto mchezo huu pamoja na masomo ya vitabu, ikaitwa Skateistan. Wasichana walitengewa siku zao na waalimu wanawake, na wazazi wengi wakaridhia kuwatoa binti zao. Kazi hiyo ilisimama mwaka 2021 utawala ulipobadilika, lakini imetuachia somo: palipo na mahali maalumu, na saa maalumu, na mwangalizi wa kuaminika, hofu nyingi za mzazi hupata dawa. Barabarani haiwezekani kupanga lolote katika hayo.

Basi enyi wazazi, mkutano wa mtaa ukiitishwa, nendeni. Msiende kulalamika juu ya watoto, nendeni kuwasemea. Mwambieni mwenyekiti wa mtaa na diwani wa kata kuwa twataka mahali, na mkijua kipande cha ardhi ya umma kilicho wazi, kitajeni kwa jina kabla hakijatajwa na mwenye matofali.

Nanyi vijana, haki ya njia inawahusu kabla ya uwanja kupatikana. Msishikilie magari yanayokwenda ili yawavute. Msiteremke kilima kinachoishia barabarani. Mpisheni mzee na mama mwenye mtoto mgongoni, na mwadhini akiadhini, wekeni ubao chini. Diwani atakayewatetea atahitaji kuwaelekeza wenziwe kwenye mwenendo wenu. Kila mara mmoja wenu anapomgonga mpita njia, hoja yetu sote hupungua nguvu.

Kumzuia mtoto asife barabarani ni wajibu wetu. Lakini mkono unaomwondoa barabarani ndio unaopaswa kumwonyesha uwanja. Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, na atupe sisi wakubwa hima ya kutenda. Amin.