Ufa hauulizi kitambulisho

Ndugu zetu wa kambini na wa mjini, leo tunaandika tukiwa na hasira kidogo. Mtuvumilie.

Wakati wa mvua hizi, dada yetu mmoja anayekaa upande wa Kayole, Nairobi, alitutumia picha. Ufa umeanzia kona ya dirisha, umeshuka mshazari mpaka sakafuni. Sarafu ya shilingi kumi inaingia ndani yake. Akatuambia mlango wa chumba chake ulikuwa unafunga vizuri tu, sasa unagoma mpaka ausukume na bega. Ngazi zinavuja maji na nyaya za stima zinapita hapo hapo. Jengo lina ghorofa sita, na huko juu mwenye ploti anaongeza ya saba. Dada akauliza swali moja: "Niende niseme kwa kaunti?"

Majibu tuliyompa tunaona aibu kuyarudia. "Yaya, nyamaza kwanza, tuko wageni hapa." "Utatutia mu matatizo." "Ukisema watakufukuza, na nyumba ya bei hiyo hutaipata tena." Mwingine akamwambia aombe Mungu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza: humo ndani wanalala watu wangapi?

Basi tuseme wazi, na tunajisema wenyewe kwanza. Ushauri ule ulikuwa mbaya. Tulimwambia mtu alipe kodi kila mwezi kwa nyumba inayoweza kumuua, halafu tukaita hiyo busara ya mkimbizi.

Sote tulifundishwa shuleni kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye ploti naye anaijua hiyo methali, ila yeye aliupaka ufa rangi. Alimtuma mwangalizi wake na ndoo ya rangi ya krimu, kazi ya nusu saa, na mwezi uliofuata akapandisha kodi. Mvua ilipokuja ufa ukarudi pale pale, mpana zaidi.

Kuna watu watasema tunatia chumvi. Tuwakumbushe Huruma. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha Nairobi, jengo la ghorofa kando ya mto lilianguka na watu waliokuwa ndani. Walikufa karibu 50. Mtoto mchanga alitolewa chini ya kifusi akiwa hai baada ya zaidi ya siku tatu, na nchi nzima ikalia kwa furaha. Lakini linaloumiza ni hili: jengo lile lilikuwa limeshatajwa kwamba halifai na linapaswa kubomolewa. Wakubwa walijua, lakini watu waliendelea kulala humo na kodi iliendelea kukusanywa.

Mwaka mmoja baadaye, Juni 2017, jengo lingine likaanguka usiku huko Kware, Embakasi. Pale nyufa zilionekana mapema, wapangaji wakaambiwa watoke, na wengi wakatoka. Kuna waliokufa, na hao tunawalilia, lakini hawakufika hata karibu na idadi ya Huruma. Jiji ni lile lile na ujenzi ni ule ule mbovu. Pale Kware mtu aliuona ufa, akasema, na akasikilizwa kabla ya usiku kuingia.

Sasa tuje kwenye neno linalotufunga midomo: kuchongea. Ati ukienda ofisini kusema nyumba ni mbovu umemchongea mwenye nyumba. Kumchongea mtu ni kumsema ili aumie. Kusema kwamba nguzo imepasuka chini ya vitanda vya watoto wa wenzako ni kuwachongea nani? Hapa kambini choo kikititia tunakimbia kwa kiongozi wa bloku siku hiyo hiyo. Maji ya laga yakikata ukuta wa jirani tunaamshana usiku. Hakuna anayesema nyamaza, tuko wageni. Kwa nini tukifika mjini tunakuwa mabubu?

Tunajua kwa nini, na hatutadanganyana. Ni woga, na woga huo una sababu. Wengine wetu kibali cha kutoka kambini kimeisha, kadi haijatoka, kila tukiona kanju au polisi moyo unaruka. Tena tumeona kaunti inavyofanya kazi: wanakuja, wanachora X nyekundu ukutani, wanaondoka. Kwa miaka X inabaki kama pambo. Au siku moja wanarudi na tingatinga alfajiri, mpangaji analala nje na godoro lake, dipoziti imekwenda, na mwenye ploti yuko kwake amelala. Anayesema analipa kuliko aliyejenga vibaya. Anayeogopa hayo si mjinga.

Lakini jibu la woga huo ni kwamba asiende mtu mmoja. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya nyumba inayofaa na usafi wa kiwango kinachofaa. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kupeleka malalamiko kwa mamlaka za umma. Soma vizuri: kila mtu. Inapotaka kusema raia peke yake inasema raia, kama kwenye kifungu cha 38 cha mambo ya siasa na kura. Kwenye nyumba haikusema hivyo. Ufa nao hausemi hivyo. Jengo likishuka haliulizi nani ana kitambulisho na nani ana mandeti.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi. Piga picha ya ufa leo, weka sarafu au rula pembeni, piga tena baada ya wiki, uandike tarehe. Ongea na majirani Wakenya, maana wao pia wanalala humo humo, na wao wanaweza kutanguliza majina. Asiye na karatasi asilazimishwe kusaini. Andikeni barua moja: jengo liko wapi, lina ghorofa ngapi, nini kimepasuka, lini mlikiona. Ombeni mambo mawili kwa pamoja: jengo likaguliwe, na likionekana hatari wapangaji wapewe notisi na dipoziti zao. Nakala moja iende kwa idara ya mipango ya kaunti, nyingine kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, nyingine kwa afisa wa afya ya umma kama ni maji machafu na choo. Yenu ipigwe muhuri, muiweke. Ofisi ikisema haikuambiwa, mnatoa muhuri.

Na ninyi ndugu zetu wa mashirika, mnaosoma maandishi yetu na kutupongeza, hili linawahusu. Tuliuliza ofisi moja kama inaweza kumsaidia dada huyu. Tukajibiwa kwamba nyumba za mjini haziko kwenye mpango wao, na kwamba mkimbizi wa mjini anatarajiwa ajitegemee. Sawa, anajitegemea. Anafua nguo za watu na kusuka nywele, na kodi analipa tarehe tano. Hajaomba mlipie. Ameomba wakili wenu aisome barua, na afisa wenu apige simu moja kwa kaunti kuuliza imefika wapi. Mnatufanyia semina za ulinzi, mnatupa soda na fulana. Ulinzi gani usiojua mtu analala chini ya dari gani? Jengo likianguka mtakuja na mablanketi na kamera, na tutawashukuru kwa mablanketi. Ila simu ingekuwa rahisi zaidi.

Dada yetu hakutusikiliza, na tunashukuru. Aliongea na mama anayeuza mboga chini ya jengo, Mkenya, na yule mama akasaini wa kwanza. Wakafuata wengine 11. Barua ilipelekwa Jumanne, ina muhuri. Mpaka tunaandika haya hakuna mkaguzi aliyefika. Mwenye ploti amepita mlango kwa mlango akiuliza nani ameanzisha haya maneno, na kila mlango ukamjibu: sisi sote. Mafundi wa ghorofa ya saba hawajaonekana tangu Alhamisi. Labda wamesimamishwa, labda wanangoja tuchoke.

Usiku anaweka mfuko wenye mandeti na vyeti vya watoto karibu na mlango. Hayo tuliyafanya kule nyumbani, tulipokuwa tunasikiliza risasi. Hatukuvuka mpaka ili tuje tulale vile vile kwa sababu ya ukuta ambao mtu angeweza kuukagua mchana.

Kama wewe au ndugu yako anakaa kwenye nyumba ya namna hiyo, mtumie haya maneno. Asiende peke yake. Na akituuliza kama aseme, safari hii tumjibu vizuri.