Sufuria Mbili Katika Karamu Moja

Masomo ya leo, Dominika ya 18 ya Mwaka A, yanahusu chakula tangu mwanzo hadi mwisho. Nabii Isaya, katika sura ya 55, anawaita wenye kiu na wasio na fedha waje wanunue bila kulipa. Mathayo, katika sura ya 14, anatusimulia jinsi Yesu alivyowalisha wanaume wapatao 5,000, mbali na wanawake na watoto, kwa mikate mitano na samaki wawili. Ni masomo tuliyoyazoea, na tukishayazoea masomo huwa tunaacha kuyasikiliza.

Basi tusikilize jambo moja tu kwa Isaya. Nabii haishii kwenye maji. Anawaita watu kwenye maji, kisha anataja divai, kisha maziwa, na vyote anavitoa kwa masharti yaleyale, yaani bila fedha. Huku kwetu Mbulu na Hanang hakuna anayehitaji kufundishwa thamani ya maziwa. Nabii angeweza kusema kwamba maji ni ya bure, na anayetaka divai aongeze kidogo. Hakusema hivyo. Kizuri kabisa kilichoko mezani ndicho kinachotolewa kwa asiye na kitu.

Biashara haziendeshwi hivyo, na wala sizilaumu. Kijana mmoja wa Hanang anafanya kazi jikoni katika meli kubwa ya kitalii, mojawapo ya zile zinazotia nanga Zanzibar kwa siku moja na kuendelea na safari. Alipokuja likizo nilimuuliza watu wanakulaje humo. Nauli, alisema, inalipia chumba cha kulala pamoja na ukumbi mkubwa wa chakula na ile meza ndefu ambako kila mtu anajipakulia. Hapo utakula asubuhi, mchana na jioni, na hakuna atakayekuuliza umerudia mara ngapi. Lakini pembeni ipo migahawa midogo: mmoja wa nyama za kuchoma, mwingine wa Kiitaliano, mwingine wa samaki wa Kijapani. Huko unaweka nafasi mapema na unalipa juu ya nauli yako. Soda na pombe kwa kawaida ni za kulipia. Hata bahashishi ya wahudumu mara nyingi huongezwa kila siku kwenye hesabu ya abiria. Fedha taslimu huzioni. Unaonyesha kadi ya chumba, deni linaandikwa, na bili inakusubiri mwisho wa safari.

Nikamuuliza kama chakula cha bure ni kibaya. Akasema hapana, ni kizuri, watu wanashiba na wanashukuru. Ila, akaongeza, lazima cha kulipia kionekane kimekizidi, la sivyo nani atatoa fedha yake? Neno hilo nimelifikiria sana tangu siku hiyo.

Msidhani mambo hayo ni ya Wazungu wenye fedha peke yao. MV Liemba ya Ziwa Tanganyika, iliyojengwa mwaka 1913 na kiwanda cha Meyer cha Papenburg, Ujerumani, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 na kuibuliwa na Waingereza mwaka 1924, ilibeba abiria wa madaraja matatu, na chakula cha mgahawa wake kilikuwa cha kununua. Wengi wa daraja la tatu walipanda na chakula chao kwenye vikapu. Kiwanda kilekile cha Papenburg ndicho kinachojulikana leo kwa kujenga meli za kitalii. Madaraja ni ya zamani kama meli zenyewe, na meli ina haki ya kupanga bei. Imeziandika, umezisoma, umepanda kwa hiari yako.

Ninachouliza ni kwa nini utaratibu huo umeshuka melini na kupanda milima hadi huku kwetu, ukaingia katika sherehe zetu za Kanisa.

Kila muumini wa majimbo ya kaskazini anaijua picha hii. Ni jubilei, au upadrisho, au kipaimara, au kigango kimekuwa parokia. Misa imekwisha. Padre ametangaza kwa sauti ya furaha kwamba wote wamekaribishwa chakula, asiondoke mtu. Watu wanatoka nje na kukuta turubai tatu. La kwanza lina viti vilivyovalishwa vitambaa vyeupe, hotipoti zimepangwa, maji ya chupa, na ndafu imesimama katikati na majani mdomoni. La pili ni la waliochangia kwa kadi. Wamefungwa utepe mkononi, na kijana aliyesimama mlangoni anaangalia mikono, haangalii nyuso. Humo kuna pilau, kuku na soda. La tatu, ambalo mara nyingi ni kivuli cha mti, ni la hao "wote" waliotangaziwa. Wanapanga mstari kwa makande au wali na maharage, nyama wakibahatika, na mara nyingine sufuria inaisha kabla ya mstari.

Katika mstari huo wa tatu utamkuta katekista aliyewafundisha watoto wa kipaimara miaka miwili kwa miguu, kigango hadi kigango. Utamkuta bibi aliyeleta debe la mahindi kutoka jumuiya yake. Mahindi yale ndiyo yaliyopikwa. Ng'ombe waliochinjwa walichangwa na jumuiya. Wanawake wa WAWATA waliokesha na moshi watakula mwisho, kama kitabaki, wamesimama, kwenye kifuniko cha sufuria. Na kila kitu kilichoko chini ya lile turubai la kwanza kimepikwa kwa mikono yao.

Hapa ndipo neno la yule kijana linanichoma. Ili turubai la kwanza lionekane la heshima, ni lazima la tatu lionekane limepungukiwa. Pilau ya watu wote haimtukuzi mtu yeyote. Kumbe basi upungufu wa sufuria ya tatu si bahati mbaya ya bajeti. Tumeupanga kwenye kikao cha kamati, tukauandika, tukaupitisha.

Ugonjwa huu una umri mkubwa. Mtume Paulo aliukuta Korintho yapata mwaka 55, akauandikia katika sura ya 11 ya barua yake ya kwanza. Wakristo wale walikutana katika nyumba za wenye uwezo. Chumba cha kulia cha nyumba ya Kirumi kwa desturi kilitosha watu kama 9 wakiegemea makochi. Waliobaki walikaa uani. Wenye nafasi walifika mapema na kula vyao, na waliotoka kazini, wengi wao watumwa, walifika wakakuta wenzao wamelewa na wao hawana hata tonge. Paulo hakuwaambia kwamba wana tabia mbaya mezani. Aliwaambia kwamba walichokuwa wanakula si Chakula cha Bwana tena. Tena aliwaambia kwamba kwa kufanya hivyo wanalidharau Kanisa la Mungu na kuwaaibisha wasio na kitu. Tuliangalie vizuri neno hilo la kuaibisha, kwa kuwa njaa ya mchana mmoja mtu huisahau, lakini aibu ya kurudishwa mlangoni mbele ya watoto wake haisahau.

Hata wapagani waliliona. Mwishoni mwa karne hiyo ya kwanza Mrumi aitwaye Pliny Mdogo alimwandikia kijana rafiki yake, Avitus, juu ya karamu aliyoalikwa. Mwenyeji aliweka divai ya aina tatu katika vichupa: moja yake na wateule wachache, nyingine ya marafiki wa hadhi ndogo, ya tatu ya watumwa walioachwa huru. Aliyeketi karibu na Pliny akamuuliza yeye nyumbani kwake hufanyaje. Pliny akajibu kwamba huwapa wote kilekile, hata hao walioachwa huru. Mwenzake akashangaa kwamba lazima inamgharimu sana. Hapana, akasema, kwa sababu wao hawanywi divai ya kwangu, mimi ndiye ninayekunywa ya kwao. Mtu huyu hakuwa Mkristo. Baadaye, akiwa gavana wa Bithinia, aliwaua Wakristo kadhaa. Lakini juu ya karamu aliona kitu ambacho kamati zetu hazikioni.

Sehemu ya kanisa wanapokaa waumini ina jina la Kilatini, navis, maana yake meli. Mababa walipenda mfano huo: Kanisa ni chombo kinachovuka maji makali, na sote tumo. Katika Misa tunaulinda vizuri mfano huo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Liturujia ya mwaka 1963, namba 32, ulielekeza kwamba katika ibada, ukiacha heshima inayotokana na huduma ya liturujia na daraja takatifu, na ile inayostahili kwa viongozi wa serikali, watu binafsi au matabaka yasipewe upendeleo wowote. Hakuna hostia ya daraja la kwanza. Mkuu wa wilaya na mchunga mbuzi wanapokea kutoka siborio moja. Halafu tunatembea hatua hamsini tu kutoka mlango wa kanisa, na utepe unaanza kufungwa mikononi.

Liko jambo zito kuliko turubai. Ninawajua wazazi waliomwambia mtoto wao asubiri kipaimara cha mwaka unaofuata, si kwa sababu hajui katekisimu, bali kwa sababu mchango wa chakula cha sherehe haukupatikana. Mchango wa sherehe, si sadaka ya sakramenti! Sheria ya Kanisa, kanuni ya 848, inamkataza mhudumu kudai chochote zaidi ya sadaka iliyopangwa na mamlaka halali, na inamtaka aangalie daima kwamba wahitaji hawakosi sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Kamati itajibu kwamba hakuna aliyemzuia mtoto. Ni kweli, hakuna aliyeandika barua ya kumzuia. Lakini mama anajua jina litasomwa kwenye jumuiya na kiasi kitatajwa, na anaona afadhali kusubiri. Kwangu mimi huyo amezuiwa.

Najua majibu, nimeyasikia vikaoni. La kwanza ni kwamba mgeni lazima aheshimiwe, hiyo ni mila. Ninakubali. Wairaqw na Wadatoga hawahitaji kufundishwa na mtu kumheshimu mzee au mgeni. Mpe kiti kizuri, mnawishe kwanza, mpakulie kwanza, mpe sehemu ya nyama inayomstahili. Lakini mila hiyohiyo ndiyo iliyomfanya mwenye ng'ombe wengi ampe jirani asiye na ng'ombe mmoja amkamue, watoto wake nao wanywe maziwa. Mila haikumwambia mwenye mifugo anywe maziwa na jirani aangalie. Mgonjwa wa kisukari naye apikiwe chakula chake. Hilo ni tendo la huruma.

La pili lina uzito zaidi: bila wachangiaji wakubwa kanisa halipati bati, na wachangiaji wakubwa wanapenda kuonekana. Sina dharau kwa bati. Nimesali chini ya paa linalovuja na ninajua bei ya bando. Basi tutenganishe. Harambee iwe harambee, siku yake, kadi zake, chakula chake cha kulipia, bei iandikwe wazi kama melini. Familia yenye harusi ukumbini nayo ipange kadi za mmoja na za wawili kama ipendavyo. Lakini siku ya sakramenti, siku padre aliposema "wote", ukumbi wa kulipia ufungwe. Tena katika Injili ya leo ni wanafunzi waliopendekeza kwamba watu waende vijijini wajinunulie chakula. Pendekezo hilo lilikuwa na busara ya kutosha. Matokeo yake yangekuwa kwamba mwenye fedha anakula na asiye nazo analala njaa, na hakuna wa kulaumiwa. Yesu alilikataa, akawaketisha wote kwenye majani.

Na tusiseme haiwezekani huku kwetu. Tarehe 3 Desemba 2023, Dominika ya kwanza ya Majilio, tope lilishuka kutoka Mlima Hanang na kuifunika sehemu ya Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Walionusurika walihifadhiwa katika shule, na chakula kikaja kutoka kila upande wa nchi. Mwenye duka na mbeba mizigo wake walishika sahani katika mstari mmoja, wakala ugali kutoka sufuria moja. Hakuna aliyeuliza nani alichangia nini. Sisemi turudi kwenye msiba ili tujifunze kula pamoja, Mungu atuepushe. Nasema watu wa Hanang wanajua jinsi inavyofanyika, kwa sababu wamekwisha kufanya.

Mavuno yamekwisha na sherehe nyingi ziko mbele yetu. Kamati zitakazokaa leo baada ya Misa ya pili zianze na hesabu rahisi: watu wanaotarajiwa, gawanya kwa chakula kilichopo, sufuria za aina moja. Ikibidi pilau iwe bila kuku, iwe bila kuku kwa wote, na askofu akiwamo. Wapishi wapakuliwe wakiwa wamekaa. Najua kuna atakayeuliza kuhusu ndafu, kwa kuwa mbuzi mmoja hatoshi watu 800. Hatoshi, ni kweli. Basi siku hiyo mbuzi apelekwe jikoni kwa wale waliokesha.