Chumvi kwa Chungu cha Nani?

Mashairi ya Muyaka bin Haji (1776–1840) mengi yangalitupotea lau si Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyeyakusanya kutoka vifuani mwa wazee baada ya mshairi mwenyewe kufariki. Kutoka kwa Mwalimu yalifika mikononi mwa mmisionari W. E. Taylor, na karatasi za Taylor leo zimo London, katika maktaba ya chuo cha SOAS. Diwani yenyewe ilihaririwa na W. Hichens, ikapigwa chapa Johannesburg mwaka 1940. Hatuna budi kushukuru, maana kilichotunzwa ugenini ni bora kuliko kilicholiwa na mchwa nyumbani. Lakini shukrani haituzuii kuuliza: imekuwaje mtu wa Mvita, akitaka kuzishika karatasi hizo kwa mkono wake, aombe viza, ama sivyo aridhike na picha?

Swali hilo si la kale. Fedha za utafiti bado zinaingia katika vyuo vyetu, vya visiwani na vya bara, na jina lake ni zuri: ushirikiano. Mara nyingi, hata hivyo, mada imekwisha kuchaguliwa kwingine na mkataba umekwisha kuandikwa kwingine. Mtafiti wetu hupewa kazi ya kupita majumbani kukusanya. Kufasiri na kutia jina ni kazi ya wengine. Bibi akighani utenzi aliourithi kwa mamaye, kinasa sauti huondoka nao, naye hajui umekwenda wapi wala nani ataufanyia nini.

Wapo watakaotujibu kuwa mkono mtupu haulambwi. Kwamba chuo maskini kikianza kuhoji, mfadhili atabisha hodi kwa jirani. Hoja hii ina uzito, nasi hatuibezi. Kosa lake ni kudhani kwamba kuhoji ni anasa ya matajiri.

London School of Economics si chuo maskini. Mwaka 2009 kilikubali ahadi ya pauni milioni 1.5 kutoka mfuko wa hisani ulioongozwa na Saif al-Islam Gaddafi, ambaye chuo hicho hicho kilikuwa kimemtunuku shahada ya uzamivu mwaka 2008. Damu ilipomwagika Libya mwaka 2011, mkurugenzi wa chuo, Howard Davies, alijiuzulu. Na uchunguzi wa Jaji mstaafu Woolf, uliotolewa mwaka huo huo, ulikikosoa chuo kwa jinsi kilivyozipokea fedha hizo. Tajiri hakuhoji ipasavyo, akaaibika.

Wasan wa Afrika Kusini, kwa upande wao, si watu wa hazina kubwa. Wamechunguzwa lugha, nyimbo, dawa na hata damu zao. Mwaka 2017 walitangaza kanuni zao wenyewe za maadili ya utafiti: heshima, ukweli, haki, kujali, na kufuata utaratibu. Atakaye kuwachunguza na apite mlango huo. Maskini alihoji, akaheshimika.

Basi na vyuo vyetu viandike masharti kabla ya mkono kunyooshwa. Kwanza, kijulikane chanzo cha fedha na anachokitafuta mwenye kuzitoa, na majibu yawekwe wazi. Pili, mfadhili asiwe na uwezo wa kuzuia matokeo yasiyompendeza. Tatu, hati asilia isivuke bahari, na nakala kamili ya kila sauti iliyorekodiwa ibaki hapa, mahali ambapo mwanafunzi wa Pemba au Lamu ataifikia bila ya kumwomba mtu. Nne, mghani na mwenye kasha la hati waelezwe mambo yote kwa Kiswahili chao, na wakiridhia watajwe kwa majina. Wakikataa, kauli yao iwe ya mwisho. Mfadhili mwenye nia njema hatayakimbia masharti haya. Atakayeyakimbia atakuwa ametuepusha na hasara.

Wahenga walisema mwomba chumvi huombea chungu chake. Kuomba si aibu. Aibu ni kuomba chumvi, tukachochea moto na kutokwa na jasho, kisha chungu kikaipuliwa na kupelekwa nyumba ya pili, nasi tukaitwa kuonja.