Nasi wa Baiskeli Tuna Haki ya Barabara

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba aisifuye mvua imemnyea. Mimi naitetea baiskeli kwa sababu ndiyo iliyonilea. Tangu sijazaliwa, baba yangu huendesha ile yake nyeusi, yenye keria pana, kutoka Umoja hadi kazini Eneo la Viwanda. Nauli ambayo angempa makanga kila siku ndiyo hunilipia karo.

Mwaka jana, baba alikuwa akirudi jioni kwa Barabara ya Jogoo. Matatu moja ilichoka kungoja msongamano, ikapanda kando ya barabara na kumsukuma hadi mtaroni. Dereva hata hakusimama. Baba alikaa nyumbani wiki tatu, mguu ukiwa ndani ya plasta, nami nikakaa naye kwani karo haikuwapo. Majirani waliokuja kumpa pole walimwambia, "Mzee, si uiuze tu hiyo baiskeli?" Hakuna hata mmoja aliyesema barabara irekebishwe. Hilo ndilo lililonifanya niishike kalamu.

Jamani, ahadi ni deni. Mwaka wa 2015, Kaunti ya Nairobi ilitoa sera kuhusu waendao kwa miguu na waendesha baiskeli. Sera hiyo ilisema kuwa asilimia 20 ya pesa za kujengea barabara itengwe kwa ajili yao. Basi sisi hatuombi sadaka. Twadai tulichoahidiwa.

Sisemi kwamba hakuna kilichofanywa. Barabara ya Thika ilipokamilika mwaka wa 2012, ilikuwa na njia za baiskeli katika baadhi ya sehemu zake. Lakini hebu zifuate uone! Unakwenda vizuri, kisha njia inakatika ghafla penye makutano au kituo cha matatu, yaani pale pale penye hatari zaidi. Mwaka wa 2022 ikafunguliwa barabara ya juu ya kulipia, ya kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands. Baiskeli hairuhusiwi huko. Sikatai, kwani magari ya juu hukimbia mno. Lakini ikiwa mwenye gari amejengewa ya juu, mbona sisi wa chini tusitengenezewe ya chini?

Wapo watakaosema ati Nairobi haina nafasi. Nawauliza, je, mmeyatazama magari yaliyokwama saa mbili asubuhi? Mengi yamebeba mtu mmoja tu! Mahali pa gari moja pangetosha baiskeli kadhaa. Tena mitaro iliyo wazi kandokando ya barabara ingefunikwa vyema, tungepata njia bila kumnyang'anya mtu yeyote.

Njia hiyo itenganishwe na magari kwa ukuta mfupi wa zege. Mstari wa rangi pekee hautoshi, kwani dereva wa matatu mwenye haraka haogopi rangi. Tena isikatike penye makutano, na wenye pikipiki wasiruhusiwe kuigeuza kuwa yao.

Hata hivyo, nyani haoni kundule. Sisi waendesha baiskeli pia tuna makosa. Wengine hupita upande usiofaa, na wengine huendesha usiku bila taa wala kengele, breki zenyewe zikiwa za kubahatisha. Tukidai haki, nasi tutimize wajibu.

Mwisho, nazungumza na wa nyumbani. Wanafunzi kadhaa wa kutwa hapa shuleni wana baiskeli, lakini huja kwa miguu na kufika wamechelewa kwa kuwa hakuna mahali salama pa kuziacha. Namwomba Mwalimu Mkuu wetu atujengee banda dogo la mabati karibu na lango, ambapo bawabu anaweza kuziona. Haba na haba hujaza kibaba. Kama shule haiwezi kuipa baiskeli kibanda, tutaidai serikali barabara kwa uso gani?

Baba alipona na baiskeli hakuiuza. Kila jioni mama hutoka nje kusikiliza kengele yake. Natamani siku moja aisikie akiwa jikoni, bila wasiwasi wowote.

Mwanachama, Kidato cha Tatu