Wasichana Wetu Wasiishie Jukwaa la Shule

Tarehe 20 Septemba 2025, Sanaipei Tande alipanda jukwaani karibu na jiji la Moscow kuiimbia Kenya katika shindano la Intervision, miongoni mwa waimbaji wa nchi zaidi ya 20. Nathubutu kusema Wakenya wengi walipata habari hiyo baada ya taa za ukumbi kuzimwa. Hakukuwa na shamrashamra za kumsindikiza kama zile tunazowafanyia wanariadha wetu. Tulimwacha aende peke yake, kisha tukarudi kwenye shughuli zetu.

Leo nataka kusema na watu wa Kitui na Makueni, wazazi na walimu hasa. Siku Kenya itakapotafuta kundi la wasichana wa kuipeperushia bendera katika mashindano kama hayo, kundi hilo litatoka wapi? Jibu langu nalitoa mapema. Lingeweza kutoka kwetu, lakini halitatoka, iwapo tutaendelea na mazoea yetu ya kuwatupa wasichana waimbaji siku wanapovua sare za shule.

Asije mtu akaniambia kwamba naota. Miaka ya 1980 Ukambani ilikuwa na kundi la wasichana lililosikika nchi nzima na kuvuka mipaka. Kalambya Sisters, wakipigiwa vyombo na Kalambya Boys Band ya Onesmus Musyoki, waliimba "Katelina", kisa cha msichana mpenda uki, pombe yetu ya kienyeji, ambaye kila mara hujikuta ana mimba. Waliimba kwa Kikamba, kwa sauti nyembamba za juu zilizoshikana hata usijue ya nani imeanzia wapi, na gitaa la benga likizikimbiza kwa nyuma. Watu wasiojua neno moja la Kikamba waliucheza wimbo ule. Ulizua maneno pia, maana wako walioona si heshima mabinti kuimba mambo ya ulevi na mimba hadharani. Mimi naona walisema jambo lililokuwa likitokea vijijini, na wakalisema kwa ufundi mkubwa.

Sasa angalia tulivyowatunza. Mpenzi wa muziki wa zamani atakutajia jina la Musyoki bila kusita, naye anastahili. Mwombe akutajie majina ya wasichana wenyewe, uone atakavyokuna kichwa. Ukizitaja bendi zilizovuma Ukambani, utaanza na Kilimambogo Brothers ya Kakai Kilonzo, uje Kyanganga Boys, uje Katitu Boys, na orodha nzima itakuwa ya wanaume. Wanawake walikuwamo, wakiitikia viitikio, wakichezesha mabega mbele ya vipaza sauti, na mara nyingi hakuna aliyeandika walikuwa nani. Binti wa leo anayetaka kuimba hana mtu wa kumtazama na kusema, yule alitoka kijijini kwetu, akafika, na hesabu yake ilikuwa hivi na hivi.

Wala vipaji havijakauka. Nenda katika shule yoyote ya upili ya wasichana, iwe Mulango au Muthale upande wa Kitui, iwe Makueni Girls au Precious Blood Kilungu upande wa Makueni, majira ya mazoezi ya tamasha la muziki. Chakula cha jioni kikiisha, meza za bwalo husukumwa ukutani. Mwalimu hugonga chuma chake kidogo cha kutafutia sauti, hukisogeza sikioni, hutoa do, na wasichana hulipokea kila kundi kwa sauti yake. Wakikosea hurudia kipande kilekile cha sol-fa mpaka kengele ya kulala. Nje, wenzao wa ngoma ya kiasili wamewasha moto wa karatasi na vijiti, wanaipasha ngozi ya kithembe ili ikaze. Msichana mmoja anaigonga kwa kiganja, anasikiliza, anatikisa kichwa, anairudisha motoni. Hakuna aliyemwambia ngoma bado haijalia. Sikio lake limemwambia.

Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927. Kwaya hupanda kutoka shuleni hadi kaunti ndogo, kaunti, kanda, kisha fainali za kitaifa mwezi wa Agosti, na washindi huimba mbele ya Rais. Sijui nchi nyingi zenye ngazi ndefu na pana kiasi hiki ya kuwachuja waimbaji vijana. Lakini ngazi hii ikifika juu haina mlango. Msichana aliyeongoza kwaya mbele ya Rais Agosti anaketi kwenye mtihani wa kidato cha nne Novemba, na Desemba yuko Kyuso au Kibwezi akisubiri matokeo. Wenzake aliozoea kuimba nao miaka minne wametawanyika. Kombe limebaki kwenye kabati la ofisi ya mwalimu mkuu. Mwaka mwingine ukipita atakuwa ameolewa, au anauza dukani Nairobi, au wakala amemtafutia kazi ya nyumbani Uarabuni. Kazi hizo zote ni halali na sina neno nazo. Ninachouliza ni kwa nini ile kazi moja ambayo tayari tulimfundisha, tukamgharamia basi na sare na posho ya waamuzi, ndiyo pekee ambayo hakuna anayemtajia.

Enyi wazazi, najua mnachoogopa. Baba anasema muziki ni uhuni, mama anakumbuka binti wa jirani aliyefuata bendi akarudi na mtoto mgongoni. Hofu hiyo ina msingi, na anayewacheka wazazi kwa sababu yake hajawahi kulea. Lakini binti huyohuyo kila Jumapili mnamsimamisha mbele ya kanisa aongoze nyimbo, mnajivuna, mnampigia vigelegele. Mwenyezi Mungu hakumpa sauti mbili, moja ya ibada na nyingine ya aibu. Tangu Januari 2026 wanafunzi wa gredi ya 10 wanasoma katika mkondo waliouchagua, na mmoja wa mikondo mitatu ni wa sanaa na michezo. Serikali imeuweka sawa na sayansi na masomo ya jamii. Mzazi anayemkataza binti mwenye kipaji asiuchague, kwa kuwa majirani watasema hakufaulu hesabu, anampunguzia mtoto wake riziki kwa ajili ya maneno ya watu.

Kuna hoja nyingine huletwa, kwamba kundi la kuwakilisha nchi huundwa na wataalamu mjini, kwa majaribio na kamera. Tulishalijaribu hilo Afrika Mashariki. Mwaka 2004 shindano la Coca-Cola Popstars lilikusanya vijana wa nchi tatu na kuunda makundi matatu: Sema la Kenya, ambamo Sanaipei alianzia, Wakilisha la Tanzania, lililokuwa na Langa, Witness na Shaa, na Blu3 la Uganda, wasichana watupu, Lilian Mbabazi, Cindy Sanyu na Jackie Chandiru. Walikuwa na vipaji vya kweli. Blu3 walivuma miaka kadhaa, hata baada ya Cindy kujitoa. Leo hakuna hata moja lililosalia. Waliobaki jukwaani ni mtu mmojammoja, kila mmoja na njia yake. Watu waliokutana kwenye foleni ya majaribio wana kazi kubwa ya kujifunza kupatana huku tayari wamekuwa maarufu. Wasichana waliolala bweni moja, wakachapwa na baridi moja ya Juni, wakagombana juu ya nani ashike sauti ya kwanza wakapatana, wameshayamaliza hayo. Hicho ndicho televisheni haiwezi kukinunua, na sisi tunacho bure kila mwaka.

Tena kuimba kwa pamoja ndiko kwetu hasa. Wanawake wa Ukambani walichimba matuta ya kuzuia mmomonyoko katika mwethya, kazi ya ushirika, huku wakiimba myali iliyomsifu mchapakazi na kumchoma mvivu kwa jina. Wanawake ndio wenye kilumi, kwa ngoma zao ndefu na filimbi, wakiomba mvua na kutuliza wagonjwa. Mwaka 1911 Siotune wa Kathuke aliwatikisa watu wa Ukambani kwa ngoma za namna hiyo hata serikali ya mkoloni ikaogopa, ikamtoa katika nchi yake. Serikali haihamishi mtu kwa sababu ya kitu kisicho na nguvu.

Kwa hiyo kundi letu likienda, liende na sauti yake. Watazameni wale bibi wa kijiji cha Buranovo, Urusi, Buranovskiye Babushki. Mwaka 2012 walipanda jukwaa la shindano la nyimbo la Eurovision mjini Baku, wamefunga vilemba na kuvaa nguo za kwao, wameweka jiko la kuokea mikate katikati ya jukwaa, wakaimba sehemu kubwa kwa Kiudmurti, lugha ya watu wachache hata katika Urusi yenyewe. Walitoka wa pili kwa pointi 259, mbele ya mabinti na vijana wa mataifa makubwa, na nia yao ilikuwa kupata fedha za kujenga upya kanisa la kijijini. Hata kule Intervision mshindi, Đức Phúc wa Vietnam, alikuja na wimbo uliojengwa juu ya hekaya ya kale ya kwao, ya mtoto shujaa aliyewafukuza wavamizi kwa mianzi. Mcheza kwao hutunzwa, na wageni nao humtunza anayecheza cha kwao. Sisemi wasichana wetu waimbe kilumi kama kilivyo. Kilumi kina mambo yake ya ibada ambayo wazee wa kike ndio wenye ruhusa, na sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi inaitambua haki ya jamii juu ya vitu kama hivyo. Nasema wapige benga, waweke kinanda na kompyuta wakitaka, lakini yale mabega yacheze, na Kikamba kisikike bila kuona haya.

Nao wakienda wakashindwa, tusiwacheke. Morocco ilipeleka mwimbaji Eurovision mara moja tu, mwaka 1980, na haijarudi. Samira Bensaid aliimba kwa Kiarabu, akawa wa 18 kati ya 19. Baadaye akawa mmoja wa waimbaji wakubwa wa ulimwengu wa Kiarabu.

Sasa nigeukie jambo linaloniuma kuliko yote, nalo ni mikataba. Kundi la wasichana likianza kupata jina, atatokea mtu mzima mwenye gari na karatasi. Wazazi, msitie sahihi usiku huo. Karatasi isomwe na wakili, au angalau na mwalimu asiye na fungu ndani yake, na isomwe kwa lugha ambayo kila msichana anaielewa. Jina la kila mmoja aliyetunga liandikwe, wimbo usajiliwe katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, na waimbaji wenyewe wajisajili katika chama cha kulinda haki za wasanii, kwa maana hakimiliki ya wimbo huishi miaka 50 baada ya mtunzi kufa, na wajukuu wanaweza kula kutokana nayo. Akaunti ya benki iwe ya kundi, si ya meneja. Wakisafiri, pasipoti ya kila msichana ikae mkononi mwake; familia zilizopeleka mabinti Ghuba zinajua kinachoweza kutokea ikikaa kwenye droo ya mtu mwingine. Mambo haya yangefanywa miaka ya 1980, leo tungewajua Kalambya Sisters kwa majina yao.

Redio zetu nazo zina sehemu yao. Musyi FM na Mbaitu FM zina wasikilizaji kila kona ya Ukambani. Saa moja kwa juma kwa kwaya na makundi ya wasichana waliomaliza shule, majina yakitajwa kabla na baada ya wimbo, haitazifilisi.

Walimu wa muziki nao nawaomba jambo dogo. Kabla kidato cha nne hawajatawanyika, andikeni orodha ya waimbaji wenu bora, sauti zao na nambari za simu za wazazi, muwakutanishe tena Januari, hata chini ya mwembe wa kanisa. Kundi la watu watano linatosha.

Fedha je? Katiba, katika Jedwali la Nne, inazikabidhi kaunti shughuli za utamaduni na burudani za umma. Ni wajibu wao, hawatufanyii hisani. Makadirio ya bajeti hufikishwa kwenye bunge la kaunti ifikapo tarehe 30 Aprili, na kabla yake wananchi huitwa kutoa maoni. Katika mikutano hiyo huulizwa habari za barabara, maji na dawa, na ni haki. Akina mama wa Mwingi, Mutomo, Mbooni na Kathonzweni, mwaka huu ulizeni na hili, na msikubali kujibiwa kwa jumla: ni shilingi ngapi zimetengwa kwa ajili ya vijana waimbaji waliomaliza shule, ziko ukurasa gani, na nani atazitia sahihi?