Anayejijeruhi Asitafutiwe Jina Moja la Ugonjwa

Mtu mzima anapofika zahanati na majeraha aliyojitia mwenyewe, huulizwa kwanza kama alitaka kufa. Akisema hakutaka, mara nyingi mazungumzo huishia hapo: kidonda kinafungwa, naye anaambiwa aache utoto. Hilo la utoto halina msingi. Uchambuzi uliounganisha tafiti nyingi za nchi mbalimbali mwaka 2014 ulikuta kwamba asilimia 17 hivi ya vijana wanaobalehe wamewahi kujijeruhi bila nia ya kujiua. Kwa watu wazima ilikuwa asilimia 5.5, yaani karibu mtu mmoja katika kila 18, na wengi wao huficha. Anayefunika makovu kwa mikono mirefu mwaka mzima ni vigumu kumshtaki kwamba anatafuta kuonekana.

Wataalamu nao wamekuwa na njia yao ya mkato. Katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, hadi mwaka 2013, kujijeruhi kulitajwa waziwazi kama dalili ya tatizo moja tu la haiba, lile la hisia na mahusiano yasiyotulia. Mwaka huo kuliorodheshwa peke yake, lakini kama hali inayohitaji utafiti zaidi. Wakati huohuo tabia hii inaonekana kwa wenye sonona, wenye hofu ya kupindukia, walionusurika ukatili, wenye matatizo ya kula na walevi. Tumewahi kufanya kosa la namna hii: kwa miaka mingi kila homa iliitwa malaria, ikatibiwa malaria, mpaka vipimo vya haraka vilipotuonyesha kwamba nyingi hazikuwa malaria.

Naona wanaopima afya ya akili kwa mapana yake wana hoja nzito. Huko Dunedin, New Zealand, watafiti wamewafuatilia watu zaidi ya 1,000 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973. Mwaka 2014 walionyesha kwamba magonjwa ya akili huandamana: kundi moja ni la maumivu yanayogeukia ndani, kama huzuni na hofu, lingine hutokea nje, kama ulevi na ukorofi, la tatu ni la fikra zilizovurugika, na chini ya yote upo udhaifu wa jumla unaoyaunganisha. Kujijeruhi hukaa karibu zaidi na maumivu ya ndani, na wanaojijeruhi wenyewe hueleza kwamba wanafanya hivyo ili uchungu upungue, japo kwa dakika chache. Lakini huzuni peke yake haitoshi kueleza jambo hili, maana wagonjwa wengi wa sonona hawajijeruhi. Kinachoongezeka mara nyingi ni kushindwa kujizuia pale moyo unapochafuka. Mwenye vyote viwili anaweza kuwa na jina lolote la ugonjwa kwenye faili lake, au asiwe nalo kabisa.

Mpinzani atasema bila jina la ugonjwa daktari hawezi kuchagua dawa. Ni kweli, na kwa mwenye ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia, dawa ya sonona ikitolewa peke yake inaweza kumzidishia hali hiyo. Jina libaki kwa kazi hiyo. Lakini dawa haimfundishi mtu la kufanya saa ile moyo umechafuka, na hapo ndipo ushauri wa kitaalamu unapohitajika. Wengine wanahofu kwamba tukisema hakutaka kufa tutalegeza uangalizi. La hasha, kujijeruhi huongeza uwezekano wa jaribio la kujiua baadaye, hata kama leo nia haipo. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu kinachofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba, na hivyo sababu moja ya mgonjwa kuogopa kusema ukweli ikapungua. Muuguzi basi aendelee kuuliza baada ya lile swali la kwanza: usingizi ukoje, pombe kiasi gani, nini kilitangulia kile kitendo, na nani anajua. Halafu ampangie tarehe ya kurudi.