Kadi "bila riba" New Zealand: deni la jokofu huvuka bahari pamoja na familia

Katika maduka makubwa ya samani na vyombo vya umeme mjini Auckland, ni nadra bei ya jokofu kuandikwa peke yake. Chini yake huwekwa kiasi cha kulipa kwa wiki, na kando yake maneno yaliyokolezwa wino: hakuna riba kwa miezi kadhaa. Kwa familia iliyokabidhiwa juzi funguo za nyumba ya kupanga isiyo na jiko, kitanda wala mashine ya kufulia, mvuto wa maneno hayo hauhitaji maelezo.

Mjadala wa mikopo ya walaji katika nchi hiyo jirani umeelekea zaidi kwenye huduma za nunua sasa, lipa baadaye, ambazo tangu tarehe 2 Septemba 2024 zimewekwa chini ya Sheria ya Mikataba ya Mikopo na Fedha za Walaji ya mwaka 2003. Australia nayo ilizitungia masharti yaliyoanza tarehe 10 Juni 2025. Lakini huduma hizo hutumiwa hasa kwa manunuzi madogo. Vitanda vya watoto wanne na jokofu la kuwatosha hununuliwa mara nyingi kwa chombo kikongwe zaidi: kadi ya mkopo yenye kipindi cha utangulizi kisichotozwa riba. Wasimamizi wa mikopo wameizoea kadi hiyo kwa miaka mingi. Wateja wengi, hasa wageni, bado hawajaizoea.

Kosa la kwanza ni kukichukulia kipindi hicho kama punguzo la bei. Ni muda tu, nao una siku ya mwisho. Tuchukue mfano wa manunuzi ya dola 3,000 za New Zealand kwa kadi isiyotoza riba kwa miezi 18, na tuseme mkataba unadai malipo ya chini kabisa ya asilimia 3 ya deni kila mwezi. Taarifa ya kwanza itadai dola 90, kiasi kinachobebeka. Mteja anayelipa kila mwezi kile anachoandikiwa, bila kukosa hata mara moja, atafika mwisho wa mwezi wa 18 akiwa bado anadaiwa takriban dola 1,734, zaidi ya nusu ya deni lote. Ikiwa riba ya kawaida ya kadi hiyo ni asilimia 28 kwa mwaka, mwezi unaofuata atatozwa riba ya dola 40 hivi, ilhali malipo ya chini kabisa wakati huo ni dola 52. Zinazopunguza deni ni dola 12 tu.

Mteja huyo hakuchelewa wala hakuvunja sharti lolote. Alitii karatasi aliyotumiwa, na karatasi hiyo haikukusudiwa kumaliza deni ndani ya kipindi. Ili kulimaliza alipaswa kulipa dola 167 kwa mwezi, au, kwa kuwa wengi hulipwa mshahara kila wiki mbili, dola 77 katika kila mmoja wa mishahara 39. Hesabu hii hufaa kufanywa kabla ya kusimama mbele ya muuzaji. Kama dola 77 hazipatikani katika bajeti ya leo, hakuna sababu ya kutarajia kwamba dola 1,734 zitapatikana kwa mkupuo mwaka na nusu baadaye.

Kosa la pili ni kudhani kwamba bila riba maana yake ni bila gharama. Oktoba 2024 Mahakama ya Shirikisho ya Australia ilibaini kuwa kampuni ya fedha ya Latitude na msururu wa maduka wa Harvey Norman, ambao una matawi pia New Zealand, walipotosha umma kwa matangazo ya malipo ya miezi 60 bila amana na bila riba, yaliyotolewa kati ya Januari 2020 na Agosti 2021. Matangazo hayakuweka wazi kwamba mnunuzi alilazimika kufungua akaunti ya kadi ya mkopo na kulipa ada, ikiwemo ya kila mwezi. Kwa miezi 60, ada hizo hupindukia dola 500 za Australia. Kwa hiyo anayelinganisha kadi mbili asilinganishe urefu wa kipindi peke yake. Ajumlishe ada ya kufungua akaunti na ada za mwezi au mwaka, kisha agawanye jumla hiyo kwa deni. Kadi ya miezi 12 isiyo na ada inaweza kuwa nafuu kuliko ya miezi 36 yenye ada.

Kuna tofauti nyingine ambayo wauzaji huipita haraka. Katika kadi zinazohusishwa na maduka, kila manunuzi kwa kawaida huwa na kipindi chake. Katika kadi za benki zenye ofa ya utangulizi, mara nyingi kipindi huhesabiwa tangu akaunti ilipofunguliwa. Aliyepata kadi mwezi Machi na kununua mashine ya kufulia mwezi Julai amekwisha kupoteza miezi minne.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kuchanganya. Mtu hununua samani bila riba, kisha kwa kadi ileile hununua mafuta ya gari na chakula, ambavyo ofa haivihusu. Nchini Australia, tangu tarehe 1 Julai 2012, malipo ya mteja huelekezwa kwanza kwenye sehemu ya deni yenye riba ya juu. Sheria hiyo humlinda, lakini pia ina maana kwamba dola 167 alizokusudia zipunguze deni la samani zitamezwa na deni la chakula, na samani zitabaki pale pale zikisubiri siku ya mwisho. Walioko New Zealand wautafute mpangilio wa malipo katika mkataba wenyewe. Kutoa fedha taslimu kwa kadi ni kubaya zaidi: kwa kawaida riba huanza siku hiyohiyo pamoja na ada, na baadhi ya wakopeshaji huhesabu vivyo hivyo fedha zinazotumwa kwa ndugu walioko Bukavu au Mombasa.

Kwa Waislamu liko swali jingine. Wapo wanaoichagua kadi hii kwa kuamini kwamba inawaepusha na riba, ilhali mkataba wanaoutia saini una sharti la riba ndani yake. Masheikh wametofautiana katika hukumu yake, na si kazi ya ukurasa huu kuamua.

Wasikilizaji wengi wanajua jinsi familia zinavyohama kutoka Auckland au Hamilton kuelekea Melbourne na Brisbane, kwa kuwa raia wa New Zealand anaruhusiwa kuishi na kufanya kazi Australia. Samani huuzwa au hugawiwa majirani. Deni halibaki nazo. Taarifa za kadi huendelea kwenda anwani ya zamani, malipo hukosekana, na baadhi ya mikataba hufuta kipindi cha utangulizi kwa kosa hilo. Chini ya utaratibu wa kisheria wa nchi hizi mbili ulioanza tarehe 11 Oktoba 2013, hukumu ya deni iliyotolewa na mahakama ya New Zealand inaweza kusajiliwa Australia na kutekelezwa kama iliyotolewa huku.

Mdaiwa aliyepoteza kazi au kuugua ana haki, chini ya sheria ya New Zealand, ya kuomba masharti ya malipo yabadilishwe kwa sababu ya ugumu wa maisha. Mkopeshaji lazima akiri kupokea ombi ndani ya siku 5 za kazi na kulijibu ndani ya siku 20 za kazi. Ombi liwasilishwe mapema: malimbikizo yakifika miezi miwili haki hiyo huweza kupotea.

Kabla ya kufika huko, ziko njia ambazo hazina tangazo dukani. Idara ya Work and Income ya New Zealand inaweza kumlipia mtu wa kipato cha chini jokofu au mashine ya kufulia, naye akarejesha kidogo kidogo bila riba. Shirika la Good Shepherd hutoa mikopo isiyo na riba katika nchi zote mbili. Nchini Australia mkopo wa vifaa vya lazima hufika dola 2,000, hurejeshwa hadi kwa miezi 24, na hauna ada yoyote. Na upatu, chama au likelemba, kwa walio na watu wa kuaminiana, bado hununua vitanda bila kumtia mtu katika daftari la benki.

Aliyekwisha kutia saini nchini New Zealand ana siku 5 za kazi za kuvunja mkataba wa mkopo tangu apewe maelezo yake, ingawa bei ya bidhaa aliyokwisha kuichukua ataendelea kudaiwa. Ushauri wa bure kuhusu madeni hupatikana kwa simu 0800 345 123 kwa walioko New Zealand, na 1800 007 007 kwa walioko Australia.